Kamera ya Madoa Mawili

Mikono ya Fundi Meno haikuwa na desturi ya kutetemeka. Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia, na mtu anayemchongea mama wa watu jino la mbele, jino ambalo majirani hawatakiwi kulijua, hana ruhusa ya kutetemeka. Siku zote alikaa kwenye kiti chake cha kuzunguka, miwani ya kukuzia puani, akikwangua na kusugua na kupuliza vumbi, na wateja wakatoka kwake wakicheka mdomo wazi. Kwa hiyo Alhamisi ile, mikono ilipoanza kumcheza, aliiweka mezani akaitazama kana kwamba anasubiri ijieleze.

Katikati ya mikono hiyo kulikuwa na kamera iliyobakiza kufungwa skrubu za mwisho. Kando yake kulikuwa na kibati cheusi, kifuniko cha chini cha kamera hiyo, na juu ya kibati kulikuwa na madoa mawili mekundu ya rangi ya kucha. Aliyahesabu tena, kana kwamba madoa mawili ni kitu cha kumpotea mtu hesabu.

Doa moja lingekuwa heri. Madoa mawili yalikuwa msiba.

Mke wake, ambaye watu walimwita Mama Picha, alikuwa mpiga picha za harusi, na alikuwa na kamera mbili pacha, za aina moja na umbo moja. Moja ilikuwa kuukuu, imechoka mpaka shata yake, kile kipazia cha ndani kinachofunguka na kufungika, ilikuwa inakwama inapojisikia. Nyingine ilikuwa nzima, na ndiyo iliyokuwa ikiwalisha. Ili asizichanganye, Mama Picha alizipaka rangi ya kucha chini ya tumbo: kuukuu doa moja, nzima madoa mawili. "Doa moja, mguu mmoja kaburini," alipenda kusema. "Madoa mawili, miguu yote miwili kazini."

Sasa hiyo ya miguu miwili kazini ndiyo Fundi Meno aliyokuwa ameikwangua asubuhi nzima.

Kuikwangua kwenyewe hakukuwa wazimu, ingawa mama mkwe wake angesema vingine. Juu ya paa la nyumba yao alikuwa na darubini, na kwa darubini hiyo alikuwa akilifukuzia wingu moja la gesi, kubwa, la mbali, linalotoa mwanga mwekundu hafifu. Kila alipolipiga picha lilitoka kama doa la chai kwenye kitambaa cha meza. Tatizo lilikuwa kamera. Kamera ya kawaida ina sensa, kibati kidogo kinachopokea mwanga, na kila kitone cha sensa kimefunikwa utando wa rangi: hiki chekundu, kile bluu, vingine kijani. Wingu jekundu likija, vitone vyekundu tu ndivyo vinavyoliona vizuri, na vingine vyote vimekaa bure kama wageni wasioijua lugha. Kamera isiyo na rangi ni mambo mengine. Kila kitone kinaona. Ukitaka rangi, unaweka mbele yake kioo chekundu, kisha kijani, kisha bluu, unapiga kila kimoja kwa zamu yake, halafu unaziunganisha.

Kamera za namna hiyo zilizotengenezwa maalumu kwa watu wa nyota, ukisikia bei yake unaomba maji ya kunywa. Lakini wapo watu wenye subira na kichwa kigumu ambao huchukua kamera ya kawaida, wakaifungua, wakaukwangua ule utando kwa mkono. Wengi wao huua kamera. Fundi Meno alijiona ana mikono ya kutosha. Kwa miezi alimwomba mke wake ile kuukuu, akaomba mezani, akaomba kitandani, mpaka Jumatano mchana Mama Picha akampigia simu kutoka kazini.

"Haya, kaichukue, maana sasa utaanza kuniomba usingizini. Iko kabatini, kwenye mfuko wa kijivu. Umesikia nilichosema?"

"Nimesikia, mama."

Hilo swali la umesikia nilichosema lilikuwa kidonda cha ndoa yao. Fundi Meno alikuwa mtu wa kuitikia huku akili iko juu ya paa. Aliwahi kuagizwa mkate akarudi na balbu. Aliambiwa mama mkwe anafika Jumanne, akaenda kumpokea Jumatano, na bibi wa watu akawa ameshajileta mwenyewe na mizigo yake. Huyo mama mkwe alikuwa bado anaishi nao, na hadithi hiyo ilikuwa inaishi naye.

Kwa hiyo alipoyaona madoa mawili hakuwa na mtu wa kumshuku ila nafsi yake. Asubuhi ile kila kitu kilikuwa kimemwendea vizuri. Alikipasha moto kioo kinachofunika sensa mpaka gundi ikalegea, akakiondoa kizima. Pembezoni mwa sensa kulikuwa na nyaya za dhahabu nyembamba kuliko unywele, na ukigusa moja tu umeizika kamera. Hakugusa hata moja. Alikichonga kijiti cha kuchokonolea meno kikawa bapa nchani, akakichovya kwenye dawa ileile anayong'arishia meno ya wateja, akasugua taratibu, mstari baada ya mstari, mpaka utando wa rangi ukatoka wote na sensa ikabaki tupu, inang'aa. Alirudisha mitambo, akawasha, akapiga picha ya kwanza, sinia la meno lililokuwa mbele yake. Likatokea kwa weusi na weupe, ufizi na jino vyote vya kijivu, lakini kila mkwaruzo unaonekana. Alicheka peke yake. Alipiga meza kwa furaha mpaka mataya ya plasta yakagongana rafuni. Ndipo akachukua kile kibati cha chini, ambacho alikitoa mwanzo kabisa na kukilaza kifudifudi kwenye kifuniko cha kopo pamoja na skrubu zake, akakigeuza.

Alikaza skrubu, akairudisha kamera kwenye mfuko wa kijivu, akafunga karakana akaenda nao nyumbani karibu mbio. Ndani ya kabati, kwenye mfuko mweusi, ilikuwa kamera nyingine. Aliigeuza. Doa moja.

Wa kijivu au mweusi? Alisimama mbele ya kabati akijaribu kuisikia upya sauti ya mke wake. Jana alikuwa na uhakika amesema kijivu. Sasa kila alipoirudia ile simu kichwani, mfuko ulibadilika rangi. Labda alisema mweusi. Labda alisema usichukue wa kijivu. Mtu aliyewahi kusikia mkate akaleta balbu atajitetea kwa lipi?

Na Jumamosi kulikuwa na harusi. Si harusi tu. Alikuwa anaolewa binti wa bosi wa zamani wa Mama Picha, mama mmoja mwenye studio kubwa, yule aliyemfundisha kazi kisha akamwambia siku anaondoka, mbele ya wenzake, "Nenda, utarudi unalia." Mama Picha hakurudi, wala hakulia mbele ya mtu. Na sasa huyohuyo bosi, mwenye wapiga picha wake mwenyewe, alikuwa amepiga simu kwa sauti ya chini akasema kwa binti yangu nakutaka wewe. Mama Picha alikaa kitandani siku ile amejishika mashavu, anacheka, anafuta machozi, anacheka tena. Hakuna harusi nyingine ya namna hiyo maishani mwake, na mumewe alijua.

Alipiga simu huku na kule kutafuta kamera ya aina ile. Duka la kwanza walimwambia zimeacha kutengenezwa. La pili walimcheka. Basi akarudisha kila kitu kabatini kama kilivyokuwa, akiwaza kwamba jioni atamwambia. Lazima amwambie. Ni maneno mafupi tu.

Jioni Mama Picha aliingia huku anavua viatu na uso umemkunjuka.

"Haya fundi! Vipi kamera yako? Umeifungua?"

Alikuwa anatabasamu kwa namna ya mtu anayejua kitu. Anajua, aliwaza Fundi Meno. Amenishuku.

"Bado," alisema. "Sijaigusa. Wateja walikuwa wengi."

Tabasamu la mke wake lilipungua kidogo. "Aa. Basi sawa." Akaenda jikoni.

Uongo una miguu mifupi, lakini usiku ule ulikimbia nyumba nzima. Fundi Meno alilala ukingoni mwa kitanda akiusikiliza. Kila alipofungua mdomo aseme, aliona uso wa mke wake siku ile ya simu ya bosi, akaufunga. Tena alianza kujitafutia njia, kama walivyo waoga wote. Ile kuukuu si huwa inakwama mara mojamoja tu? Labda Jumamosi itakuwa na siku njema. Labda hatatazama chini ya tumbo lake. Alijichukia kwa kila labda, lakini aliendelea kuzipanga.

Ijumaa hakula. Mama mkwe alimtazama juu ya kikombe chake cha uji.

"Baba, unaumwa?"

"Hapana, mama. Kazi tu."

"Kazi haimtoi mtu jasho akiwa amekaa. Ni choo?"

"Si choo, mama."

"Kuna dawa ya choo chumbani kwangu. Usione haya, mimi ni mama yako." Akatikisa kichwa. "Mficha maradhi, kilio humfichua."

Mama Picha alikuwa anafuta lenzi zake mezani, anaimba kwa sauti ya chini. Bila kuinua kichwa akauliza, "Na ile kamera, hata kuigeuza tu hujaigeuza?"

"Bado."

"Mtu ameililia miezi, kaipata, haitazami!" Alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. "Wanaume nyinyi mnapenda kuomba tu."

Hapo ndipo angesema. Mlango ulikuwa wazi, hata mama mkwe alikuwa ameinuka kwenda kutafuta dawa yake. Fundi Meno alikohoa, akasema leo kuna joto.

Jumamosi asubuhi Mama Picha alivaa suruali yake nyeusi ya kazi na viatu visivyolia. Begi lake lilikuwa limeshapangwa, limekaa mlangoni, limejaa mpaka zipu ilikuwa inagoma. "Nisaidie hapo," alisema, huku anatafuta funguo. Fundi Meno akapiga goti. Kamera ilikuwa juu kabisa, imelazwa chali, na doa lake moja jekundu linamtazama. Aligeuza uso pembeni, akaibana midomo ya begi kwa mkono mmoja na kuvuta zipu kwa mwingine. Kisha alilibeba mpaka kwenye teksi, akaliweka kiti cha nyuma, akafunga mlango polepole kana kwamba ndani kuna mtoto amelala.

"Niombee," alisema Mama Picha dirishani.

"Nakuombea," alisema, na teksi ikaondoka.

Alirudi ndani akakaa. Mama mkwe alikuwa amekaa mbele yake, mikono mapajani, hana kikombe wala dawa.

"Baba," alisema, "nimezaa sita. Ugonjwa naujua, na uongo naujua. Huo wako hauna kidonge."

Na kwa sababu alikuwa mama mkwe, mtu ambaye mwanamume mwenye adabu hawezi hata kumwangalia machoni sana, Fundi Meno alijikuta anamwambia yote: mfuko, madoa, sensa, uongo, zipu. Alieleza mpaka utando wa rangi. Bibi alisikiliza hadi mwisho.

"Hayo ya nyota sijayaelewa," alisema. "Lakini hilo begi ulilibeba wewe?"

"Nililibeba, mama."

"Ukijua?"

"Nikijua."

Bibi alivuta pumzi ndefu. "Basi inuka. Mimi ulinipokea siku imeshapita nikakusamehe. Huyo usimpokee kesho."

Alivuta koti la kwanza alilolikuta nyuma ya mlango, akapanda pikipiki, na mkono mmoja akaushikilia mfuko wa kijivu kifuani. Njia nzima alijaribu kupanga maneno, na kila taa nyekundu iliyasambaza. Alifika ukumbini na koti lake jeupe la karakana, lenye vumbi la meno ya watu. Mlinzi alidhani ni daktari, akamfungulia mlango bila kuuliza, akamwambia kwa huruma, "Wako ndani huko, dokta."

Mama Picha alikuwa kwenye korido nje ya chumba cha kuvalia, anapima mwanga kwa kuupiga picha ukuta mtupu. Kacha. Kacha. Shata ililia, na ya tatu ikachelewa, kaa-cha, kama mtu mwenye goti bovu anayepanda ngazi. Fundi Meno aliisikia.

"Wewe! Kuna nini? Mama mzima?"

"Mama mzima." Alifungua mfuko, akaigeuza kamera tumbo juu, akamwonyesha madoa. "Nilikosea mfuko. Nimeikwangua nzima. Hiyo uliyoshika ndiyo kuukuu. Nisamehe. Sijui nilisikia nini."

Mama Picha alitazama madoa, akamtazama yeye, na ghafla uso wake wote ukafunguka kwa kicheko, akajiziba mdomo ili bibi harusi asisikie.

"Hukukosea mfuko, mume wangu. Nilisema kijivu. Ulichukua kijivu. Mara moja katika ndoa hii umenisikiliza vizuri, halafu hukujiamini!" Alifuta jicho. "Niliibadilisha mimi. Niliiweka nzima kwenye kijivu makusudi."

"Makusudi?"

"Hii kuukuu ina vitone vinavyowaka vyenyewe gizani. Kwenye harusi havionekani. Lakini wewe unaacha kamera wazi muda mrefu usiku. Ungekaa juu ya paa mwaka mzima unavipiga picha vitone vyangu vibovu, ukidhani umegundua nyota. Kwa hiyo nikasema, acha nimpe iliyo nzima. Harusi nitaanza na hii kuukuu, mkono wangu umeizoea; ya akiba nimeazima kwa mwenzangu, imo ndani ya begi, chini ya kitambaa. Nilitaka uigeuze, uone madoa mawili, unipigie simu ukipiga kelele. Nilisubiri hiyo simu Alhamisi yote."

Fundi Meno alitaka kucheka. Alitaka kumkumbatia pale pale na koti lake la vumbi. Lakini mke wake alikuwa ameacha kucheka. Kitu kilikuwa kinatembea nyuma ya macho yake, kinarudi nyuma, kutoka korido hadi asubuhi, kutoka asubuhi hadi jana.

"Ngoja," alisema. "Wewe umeyaona haya madoa lini?"

Angeweza kusema leo. Neno lilikuwa fupi, na lilikuwa tayari ulimini.

"Alhamisi," alisema.

"Alhamisi." Alilirudia polepole. "Ukaniambia hujaigusa. Jana ukaniambia joto." Alitazama chini, kwenye begi lililokuwa miguuni pake. "Na leo umenifungia zipu."

Fundi Meno aliufunga mfuko wa kijivu, akaufungua tena.

"Ukadhani naenda kwa yule mama, mbele ya wale watu wake, na kamera inayokufa. Ukadhani hivyo kabisa. Na ukanibebea begi."

"Niliogopa," alisema. "Nilikuogopa."

"Mimi?" Ilimtoka kama mtu aliyechomwa sindano. "Mimi nakupa jicho langu zima, wewe unaniogopa mimi?"

Mlango wa chumba cha kuvalia ulifunguka. Bosi wa zamani alitokea, amejipamba, akamtazama mtu wa koti jeupe juu hadi chini. "Tuko tayari," alisema. Mama Picha alijifuta uso kwa nyuma ya mkono, akachomoa ile kamera ya kuazima kutoka chini ya kitambaa, akaisukuma kifuani mwa mumewe, pamoja na lile duara la kitambaa cheupe la kurudishia mwanga.

"Kaa nyuma yangu. Inua hilo. Usiongee."

Alikaa nyuma yake siku nzima. Alifuata viatu vyake visivyolia, duara mkono wa kulia, kamera ya kuazima mkono wa kushoto, mfuko wa kijivu shingoni, na watu wakimwita dokta na kumpisha. Hakumwona bibi harusi. Alikuwa anasikiliza. Kacha. Kacha. Kacha. Hajawahi kukisikiliza kitu chochote hapa duniani kama alivyoisikiliza shata ile, na kila ilipolia salama, hofu ilimwachia kidogo kisha ikamkamata tena.

Maharusi walisimama. Ukumbi ukanyamaza. Bosi wa zamani alikuwa kiti cha mbele, na macho yake hayakuwa kwa binti yake, yalikuwa kwa Mama Picha. Pete ikatolewa. Kacha. Kaa-cha. Fundi Meno aliisikia ikivuta mguu, akajua, kabla haijakwama, kabla mke wake hajashusha kamera. Alipiga hatua. Mama Picha alipofikisha mkono nyuma, ile ya kuazima ilikuwa imeshafika kiganjani mwake, imewashwa, lenzi imefunuliwa. Hakugeuka. Aliiinua, na pete ikaingia kidoleni ndani ya picha.

Kiganja chake cha kushoto kilibaki nyuma, kimeishika kuukuu, kinangoja kupokelewa mzigo. Fundi Meno aliipokea. Kiganja hakikuondoka. Kilimgusa koti, kikashika tundu la kifungo, kikamvuta karibu zaidi, mahali ambapo hata akinong'ona atasikika.

"Sijakusamehe," alisema Mama Picha, jicho kwenye kamera.

"Nimesikia," alisema.

"Sema nimesema nini."

"Umesema hujanisamehe."

"Haya," alisema, na hakuliachia koti. "Inua huo mwanga."